Mchele Mpya Ndani ya Kopo la Biskuti

Ninyi mliobaki tanurini mmeniomba kurasa mbili kuhusu namna ya kutunza biskuti zisilainike. Leo nimekaa kuandika mara nne, na mara nne nimesimama. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia kama jiko limezimwa, mara ya pili kugusa nguo zilizoanikwa kama zimekauka, na hizo nyingine sikumbuki nilifuata nini. Mtu aliyesimama mbele ya tanuri miaka yote hii hajifunzi kukaa kwa wiki sita za kustaafu. Mke wangu anasema nikikatiza tena sebuleni ataniwekea tuta kama la barabarani. Kwa hiyo naandika nimesimama, daftari juu ya kabati. Mtanisamehe mwandiko.

Nilifika kwa Mama Redemta, hapa Lipangalala, Ifakara, baada ya misimu miwili ya kulima mpunga na mama yangu kule Malinyi. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mjane mfupi mwenye sauti ya chini, na tanuri lake la udongo lilikuwa nyuma ya nyumba, pale mlipoweka tangi la maji. Hakuniuliza kama najua kuoka. Aliniuliza, "Unaweza kusubiri?" Nikajibu ninaweza. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kazini, na ulidumu hadi jioni.

Jioni ile aliniachia trei tatu za biskuti zipoe, yeye akaenda kwenye sala za jumuiya. Niliona kusubiri ni uvivu. Nikazipanga kwenye makopo zikiwa bado vuguvugu, nikafunga vifuniko, nikafagia, nikajiona mfanyakazi hodari. Asubuhi akafungua kopo la kwanza na kunionyesha upande wa ndani wa kifuniko. Matone yalikuwa yamejipanga kama ya sufuria ya wali.

"Klemensi, umefunga nini humu?"

"Biskuti, Mama."

"Umefunga jasho. Zimelala na jasho lake, kama wewe ulivyolala na hilo shati la jana."

Wanawake watatu niliowakuta kazini walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilikuwa mwanamume pekee kati yao, na tangu siku hiyo wakaniita Bibi Klemensi; jina hilo lilinifuata mpaka sokoni. Adhabu yangu ilikuwa kurudisha biskuti zote tanurini. Hilo ni somo zuri, liandikeni: biskuti iliyolainika haijafa. Ipange kwenye trei bila kugusana, irudishe kwenye joto dogo, lile linalobaki mkate ukishatoka, uiache mpaka ikauke, kisha uipoze juu ya waya mpaka chini yake pawe baridi kama juu yake. Gusa chini. Juu hudanganya.

Mambo mengine Mama Redemta aliyafundisha kwa kuyarudia bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira. Kopo lisikae sakafuni wala karibu na mtungi wa maji. Keki na biskuti zisilale kopo moja, kwa sababu keki humgawia jirani unyevu wake, wote wawili wakaharibika. Kopo lijae, maana nafasi iliyobaki wazi ni hewa, na hewa ya bonde hili kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tano unaweza kuikamua. Kifuniko kifungwe kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, uvutwe uzunguke mara mbili. Ifakara tyubu chakavu hazijawahi kuadimika.

Halafu kuna mchele. Ndani ya kila kopo, juu kabisa, tunaweka kifuko cha kitambaa cha marekani chenye mchele uliokaangwa. Mama Redemta alitumia mchele wa mwaka uliopita. Aliukaanga bila mafuta kwenye karai mpaka ukawa na rangi ya ganda la karanga, akaufunika ili upoe bila kupata hewa, ndipo akautia kwenye vifuko. Mchele wa namna hiyo una kiu. Unakunywa unyevu wa kopo kabla biskuti hazijaukaribia. Nilimwuliza kwa nini wa zamani. Akasema, "Mpya umeshiba."

Nililisikia jibu hilo, na nililiandika. Nina daftari lenye maneno hayo mbele yangu sasa hivi. Kuandika jambo na kulielewa ni vitu viwili.

Madaftari nilianza mwenyewe, hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa nashindwa kutulia tukisubiri tanuri, basi nikawa naandika: kopo namba fulani, limefungwa siku fulani, mvua au jua, limekwenda duka gani. Likifunguliwa naandika tena. Makopo mengi yalikwenda kwa Mzee Salehe, mwenye duka barabara kuu, ambaye ukoo wake ulitoka pwani na ambaye hakuwahi kumwambia mtu kwamba kitu ni kizuri. Akivunja biskuti huiweka kwanza karibu na sikio. Ikilia, alisema, "Hai." Isipolia, alisema, "Marehemu," na kopo zima likarudi kwetu.

Sasa nafika kwenye mwaka ambao ningependa kuuruka.

Mwezi wa sita Philomena alianza kazi. Ni huyu huyu mnayemwita Mama Mkubwa, lakini wakati huo alikuwa binti mwembamba aliyelelewa na kaka yake Kidatu, karibu na mashamba ya miwa. Alikuwa ameposwa. Barua ya posa ya ukoo mmoja wa Malinyi ilikuwa imeshapokelewa na kaka yake, na harusi ilikuwa ikingoja tu mavuno yaishe. Mama Redemta alimpa kazi ya kufunga makopo. Alifunga vizuri. Nilijaribu kuufungua ukanda wake wa mpira siku ya pili, nikavunja ukucha.

Wiki hiyo hiyo nilitoka likizo kwa mama yangu na nusu gunia la mchele mpya. Ninyi wa bonde hili hamhitaji kuambiwa. Mtu hatoki kwao wakati wa mavuno akampelekea mwenyeji wake mchele wa mwaka jana. Ni kama kumpelekea salamu za mwaka jana. Mama Redemta alipokea kwa mikono miwili, akaupika siku ile, na nyumba nzima ikanukia. Nilivimba kichwa. Wiki hiyo alikuwa anaumwa miguu, akaniachia kazi ya vifuko. Nikatazama mchele wa zamani kwenye pipa, una vumbi na vipande vya wadudu, nikatazama wa mama yangu, mweupe, unanukia. Nikajiambia biskuti zikilala na harufu ile zitapendeza zaidi. Kuukaanga hadi ubadilike rangi kungeua harufu. Basi niliupitisha tu kwenye karai, kama mtu anayepasha mikono, nikajaza vifuko.

Masika yalikuwa yamekwisha, na huo ndio mwezi ambao biskuti zetu hazikuwahi kutusumbua. Baada ya siku kumi makopo yakaanza kurudi. Mzee Salehe alivunja biskuti moja mbele yangu na haikuvunjika, ilikunjika. Hakusema hata marehemu. Alininyooshea tu, kama mtu anayerudisha noti iliyochanika.

Tulikagua unga, siagi, kuni, vifuniko. Tanuri lile lile, watu wale wale, isipokuwa mmoja. Nilikuwa nimekaa barazani kwa Mzee Salehe, watu sita au saba wapo, na mmoja akauliza, "Bibi Klemensi, biskuti zenu zimekuwa ugali?" Nilitaka kucheka mimi kabla hawajanicheka. Nikasema, "Tumepata binti mpya. Ana mkono wa maji, akigusa kopo linalowa."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mzee Salehe peke yake hakucheka, lakini yeye hakucheka kamwe, kwa hiyo sikujali.

Maneno ya baraza lile yalikuwa yanapanda malori ya mpunga asubuhi na kufika Malinyi kabla ya jua kuzama. Kwa bahati mbaya Philomena naye alikuwa amemtumia shangazi wa mchumba wake kopo moja la biskuti, zawadi, alilolifunga kwa mikono yake. Shangazi alilifungua mbele ya wageni. Zililegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Na mtu mmoja pale akasema, "Si ndiyo huyo wanayesema ana mkono wa maji?" Msichana anayeingia kwenye nyumba ya watu ataweka akiba ya mpunga, atakausha samaki, atafunga ghala. Mnaelewa jina kama hilo linafanya nini.

Kazini Mama Redemta alimhamisha Philomena kwenye kuosha trei, kisha akamwambia apumzike nyumbani mpaka tuelewe. Hakumfukuza. Philomena alikunja kanga zake na akapanda basi la kwenda Kidatu. Mlangoni alinitazama mimi, si Mama Redemta.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa napitia daftari kwa sababu sikuweza kulala mchana. Makopo saba ya wiki ile ya mchele mpya hayakurudi. Nikaenda kwa Mzee Salehe kuyaangalia. Alivunja moja karibu na sikio. "Hai." La pili, hai. Yote saba. Alikuwa ameyafunga nani? Philomena, mpira wake ule ule wa mizunguko miwili. Nikarudi mbio kwenye daftari. Mbele ya namba zile saba nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: *hayana vifuko, marekani imekwisha.*

Makopo yasiyokuwa na mchele wangu yalikuwa makavu. Yaliyokuwa na mchele wangu yamelowa. Badala ya mchele kunywa unyevu wa biskuti, biskuti zilikuwa zinakunywa unyevu wa mchele.

Ninyi mngefanya nini? Mngesema siku ile ile, natumaini. Mimi nilikaa kimya siku tisa. Nilikaanga mchele wa zamani kimya kimya, nikabadilisha vifuko, biskuti zikapona, na kila mtu akaona kwamba zimepona baada ya Philomena kuondoka. Sikuhitaji kusema uongo. Mambo yalijisemea. Nilitembea sana siku zile. Nilikwenda stesheni kuangalia treni nisiyosafiri nayo, nikapaka chokaa ukuta uliokuwa na chokaa. Siku ya tisa akaja mtu kutoka Kidatu na habari kwamba watu wa Malinyi wametuma ujumbe kwa kaka yake Philomena: harusi isubiri. Hawakusema mpaka lini.

Nilimfuata Mama Redemta akichekecha unga, nikamweleza yote, na daftari nikamwekea mbele. Alisoma polepole. Akaendelea kuchekecha.

"Shikamoo yako ya asubuhi imekuwa nzito siku hizi," akasema. "Nilidhani una mimba ya jambo."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi si padri. Na unga wangu haukuumia kuliko mtoto wa watu. Nenda."

Nilikwenda Kidatu. Philomena alikuwa anaanika mihogo mbele ya nyumba ya kaka yake. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana hakunipa kiti. Alisikiliza, akageuza vipande viwili vitatu vya mhogo.

"Umemaliza, Kaka Klemensi?"

"Nimemaliza."

"Sasa umekuja kuniambia mimi kwamba sikulowesha biskuti? Mimi si nilikuwa najua? Uliyasemea wapi yale maneno?"

"Barazani, kwa Mzee Salehe."

"Na yalifika wapi?"

"Malinyi."

"Basi huku umepotea njia."

Baraza lilikuwa jepesi kuliko nilivyoogopa, ingawa lilikuwa na watu wengi kuliko kawaida, nadhani Mzee Salehe aliwaita. Niliposema kwamba kosa lilikuwa la mchele wangu na kwamba nililijua siku tisa, aliweka miwani yake vizuri akasema, "Kumbe mkono wenyewe ni huu." Waliniita Maji kwa mwaka mzima. Jina la Bibi Klemensi nililikumbuka kwa mapenzi.

Malinyi ndiko kulikokuwa kugumu. Daraja la mto halikuwepo bado, tulivuka kwa kivuko, na barabara upande wa pili ilikuwa bado na madimbwi ya masika. Shangazi wa mchumba, Mama Bertha, alikuwa mwanamke mkubwa mwenye kicheko cha karibu. Alinikaribisha, akaitikia shikamoo yangu, akaniletea maji. Nikaeleza. Nilikuwa nimebeba vifuko viwili, cha mchele mpya na cha mchele uliokaangwa, nikaanza kuvifungua kama mwalimu.

"Funga, mwanangu, funga," akasema. "Sisi tumezaliwa ndani ya mpunga. Unatuambia mchele mpya una maji? Ungeniuliza mimi ningekuambia kabla hujapanda kivuko." Akanitazama vizuri. "Mchele wenyewe ulitoka wapi?"

"Kwa mama, hapo mbele, ng'ambo ya shule."

"Mama yako ni yule Philipina?"

"Ndiye."

"Na Philipina anajua unazunguka ukisema mchele wake umelowesha mji mzima?"

Mama alikuwa hajui. Alijua kabla sijafika kwake, ni mwendo wa nusu saa tu, na nilimkuta mlangoni mikono kiunoni. Yaliyosemwa hapo hayahusu utunzaji wa biskuti.

Lakini kabla sijaondoka kwa Mama Bertha, alisema kwa sauti nyingine, "Tulikimbilia kuhukumu. Mwambie binti kwamba barua ya posa hatukuichana. Iko kabatini. Akikubali, tunakuja na mbuzi wa kuomba radhi."

Nilirudi nikikimbia, siongopi. Sikulala Ifakara, niliunganisha basi kwenda Kidatu nikiwa na tope mpaka magotini, nikidhani nimebeba harusi mkononi. Philomena alinipa kiti safari hii. Nilimpa ujumbe wote, pamoja na mbuzi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kopo moja, Kaka Klemensi."

"Ndiyo, na kosa lilikuwa langu."

"Lako nimeshalisikia. Nasema lao. Waliniacha kwa kopo moja la biskuti, hawakutuma hata mtoto kuja kuniuliza. Nikizaa, mtoto akikohoa, itakuwaje? Ghala likiingia panya, itakuwaje? Rudi ukawaambie nimeshukuru."

"Mimi? Malinyi tena?"

Hapo akacheka, kicheko cha kwanza tangu nimjue. "Basi watangoja. Barua iko kabatini, haitaoza."

Nilishindwa kukaa. Nikamwuliza, nikiwa nimesimama, kuhusu kazi.

"Kazini nitarudi. Tanuri halikunikosea kitu. Ila kila kopo liwe na karatasi ndani. Nani ameoka, nani ametia mchele, nani amefunga. Majina matatu, na siku. Likilainika, mtu asome, asibahatishe."

Mama Redemta alikubali siku ile ile. Hiyo ndiyo asili ya ile karatasi ndogo mnayoilalamikia, mnayosema inachelewesha kazi. Inachelewesha, ndiyo. Inachukua muda ule ule ambao mtu angeutumia kumtafutia mwenzake jina. Philomena aliolewa miaka miwili baadaye na fundi baiskeli aliyekuwa akituletea tyubu chakavu. Yeye alikuwa amekula biskuti zetu laini mwezi mzima bila kusema kitu, na Philomena alisema huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Mimi na Philomena tulifanya kazi bega kwa bega tangu hapo. Hakuwahi kulitaja jambo lile. Wala hakuwahi kunipa kazi ya mchele bila kuuonja kwanza, punje mbili kwenye meno, akisikiliza zinavyokatika. Hata mwaka huu. Hata wiki yangu ya mwisho.

Siku yangu ya mwisho alinipa makopo kumi na manne nitie vifuko. Nilikaanga mchele asubuhi, rangi ya ganda la karanga, nikaufunika, nikajaza. Akaonja punje mbili, akaitikia kwa kichwa. Niliandika jina langu mara kumi na nne. Kumi yameshafunguliwa na yalikuwa hai. Manne yako kwenye rafu ya juu ya Mzee Salehe, ambaye sasa haoni vizuri lakini sikio lake halijazeeka. Mvua inanyesha kwa siku ya tano mfululizo, na kuta za nyumba hii zinatoa unyevu hadi vitabu vinakunjika. Nimekwenda dukani kwake mara mbili wiki hii kuuliza. Jana alinifukuza.

"Klemensi, kopo likifunguliwa kila siku ndipo linapolainika. Nani alinifundisha hilo?"

Mimi ndiye niliyemfundisha. Najua. Nimelijua maisha yangu yote. Mvua imepungua kidogo, na nimeshavaa viatu.